Maskati ni Masaa Matano Tu

Enzi zetu za Kiwalani hakuna aliyeuliza Maskati ni kilomita ngapi. Kilomita za kazi gani? Mtu akisafiri, swali lilikuwa moja tu: nyumba yao haijafagiwa siku ngapi? Chekeni, najua mtacheka. Nyie wa leo kila mmoja ana simu inayomwambia ndege iko futi ngapi juu, inakwenda kasi gani na upepo unavuma upande upi, utadhani nyie ndio marubani. Ila mkiulizwa mama zenu jana wamekula nini, kimya. Hiyo apu bado haijatoka.

Nyumba yetu ilikuwa upande ule ndege zinaposhukia. Ndege ikija, bati lilitetemeka, vikombe vya kabatini viligongana, na mama aliyekuwa katikati ya maneno alinyamaza, akangoja ipite, akaendelea palepale alipoachia bila kupoteza hata herufi. Mpaka leo, na sasa anakaa kwangu Kibamba ambako ndege zinapita mbali, ana ile tabia ya kunyamaza ghafla katikati ya sentensi. Wageni wanadhani amesahau alichokuwa anasema. Hajasahau kitu.

Baba alikuwa mpakia mizigo pale uwanjani. Alirudi jioni ananuka mafuta ya ndege, na watu wa ndani tulikuwa hatuisikii harufu ile tena, sawa na mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake. Alikuwa akisema nyuso za abiria hazijui ila masanduku anayajua yote. Sanduku la anayekwenda linanuka samaki wa kukaanga na visheti, la anayerudi linanuka udi na sabuni mpya. Ukilinyanyua tu, alisema, unajua mwenyewe analia au anacheka.

Sie watoto mchezo wetu mkubwa ulikuwa safari. Tulipanga ndoo, madumu na vigoda uani mistari miwili, tunaacha njia katikati. Mie niliyekuwa mkubwa nilijifunga kanga ya mama kiunoni nikawa mhudumu, nagawa ubuyu mmoja mmoja na maji kwenye kifuniko cha chupa. Abiria walikuwa wote wa mtaani, na wengine walishuka njiani kwa sababu wameitwa nyumbani kuchota maji. Kapteni alikuwa Salum, mdogo wangu, kila siku yeye. Wengine hawakuutaka ukapteni maana kapteni hapewi ubuyu. Salum aliupenda kwa jambo moja, kutangaza. Alisimama mbele, akaweka mkono mdomoni, akasema tutafika baada ya masaa saba, hali ya hewa ni nzuri, asanteni. Alikuwa na miaka sita na tayari anapenda masaa kuliko ubuyu.

Watoto wa siku hizi ndege ikipita juu hata shingo hawainui. Sie tulikimbia mpaka mwisho wa mtaa, tunapunga mikono miwili, tunaiagiza ituletee viatu, baiskeli, na mmoja wetu kila siku aliagiza mtoto wa kike kwa sababu kwao walizaliwa wanaume watupu. Ndege haikuleta kitu. Lakini tulikuwa tumeiaga, na aliyekuwemo ndani, awe nani, aliondoka Dar akiwa amepungiwa na watu.

Sasa nije kwenye kusafiri kwenyewe. Mjomba Faraji, kaka yake mama, alipopata kazi Maskati, mtaa mzima ulijua wiki tatu kabla. Si kwa matangazo, kwa harufu. Mama alikaanga, alikausha, alifunga. Siku yenyewe tulivalishwa nguo za Idi ingawa Idi ilikuwa mbali. Ubani ulifukizwa mpaka macho yakatuwasha, dua ikasomwa, kisha bibi akaushika msahafu juu mlangoni, mjomba akainama akapita chini yake, akarudi ndani, akapita tena. Halafu tukatoka. Kwa miguu, jamani. Kutoka Kiwalani mpaka uwanjani tulitembea kaumu nzima, jirani mmoja kalibeba sanduku kichwani, wanawake wanaimba, wazee nyuma wanatembea polepole, na mjomba katikati amevaa suti inayombana kwapani kwa sababu si yake.

Pale uwanjani palikuwa na roshani ya juu ya wasindikizaji. Tulipanda wote. Mjomba alipotoka kuelekea kwenye ngazi za ndege, mama alitoa kanga nyeupe aliyoichagua kusudi, akaipunga. Mjomba akasimama. Watu wanampita, yeye kasimama anatutafuta, mpaka akaiona ile kanga, akaweka mkono kifuani. Ndipo akapanda. Mtu mzima alisimama katikati ya foleni ya ndege ili awaone watu wake. Leo mtu anaagwa kwa kidole gumba kwenye grupu la familia, kisha anajipiga picha na kikombe cha kahawa, anaandika "safari imeanza". Nani kakuuliza?

Tuliporudi nyumbani, mama alilichukua fagio la chelewa, akalisimamisha nyuma ya mlango, na hapo ndipo adhabu ilipoanza. Kwao, na kwa watu wengi wa pwani wa umri wake, mtu akitoka safari nyumba haifagiwi mpaka afike alikokwenda. Ukifagia unazifuta nyayo zake, unamfagia na yeye. Taka kubwa tuliokota kwa mkono. Vumbi tuliliacha. Majani ya mwarobaini yalijaa uani, kuku wakafurahi, siafu wakapata njia yao, na sie watoto tukafurahi kuliko kuku, maana kufagia ilikuwa kazi yetu.

Siku ya tatu ikaja simu ya maandishi, ile telegramu ya posta, kutoka kwa mjomba. Baba aliileta mwenyewe, anapumua kwa haraka. Maneno mawili, nimefika salama. Tukamtazama mama tukijua sasa fagio linatoka. Mama akasema bado. Baba akamwonyesha ile karatasi, akamsomea tena kwa sauti kama vile tatizo ni masikio. Mama akamjibu kwamba kuandika anaweza kuandika yeyote, na mtu hawezi kujishuhudia mwenyewe kuwa amefika. Huko Maskati alikuwako shangazi yao. Shangazi akisema nimempokea, basi. Asiposema, Faraji bado yuko njiani.

Baba alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa vumbi. Alisema maneno yake, akatoka akaenda kukaa kibarazani kwa jirani, kwenye usafi. Tulikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja ikaja barua ya shangazi, mwandiko umelala upande, anasema Faraji tumempokea, amekonda, tumemlisha. Mama aliibusu barua ile, akaiweka ndani ya kanga, akachukua fagio. Alifagia peke yake siku ile, hakutaka msaada, na alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Baba alirudi jioni akakuta uani panang'aa. Alikula sahani mbili.

Sasa mwaka huohuo, darasani, mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa Bukoba aliyekuwa mpole ingawa fimbo yake haikuwa pole, akaja na tufe. Lilikuwa limebonyea upande wa Amerika. Akauliza nani anajua kutoka Dar es Salaam mpaka Maskati ni mbali kiasi gani. Shule yetu madarasa yalichanganywa kwa uhaba wa vyumba, kwa hiyo mie na Salum tulikuwa chumba kimoja, na nikamwona anainua mkono, nikajua tumekwisha. Akasema siku kumi na moja. Mwalimu akauliza kwa chombo gani. Salum akajibu kwa sauti ya kapteni kabisa kwamba ni siku kumi na moja za kutofagia.

Chumba kizima kilicheka mpaka darasa la jirani likaja dirishani kutazama. Mwalimu alidhani anafanyiwa mzaha, akamchapa mbili. Kisha akachukua uzi, akaubana Dar kwa kidole gumba, akauvuta mpaka Maskati, akapiga fundo, akaupima kwa rula. Akatuambia ni kilomita elfu nne kasoro kidogo, na ndege kubwa isiyosimama njiani inakwenda masaa matano na kitu. Aliandika ubaoni, akapigia mstari. Salum aliutazama ule ubao na machozi yake hayajakauka, na nadhani siku ile ndipo mama alipompoteza, ingawa ilichukua miaka mingi mpaka apande ndege.

Maana alirudi nyumbani amevimba. Akamwambia mama kwamba mwalimu amesema ni masaa matano, wewe umetudanganya. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mwalimu wako kasema ndege," alisema. "Mie nasema mtu. Ndege inatua. Mtu anapokelewa."

Salum hakutaka kusikia. Tangu hapo akawa mtu wa masaa. Aliwauliza wafanyakazi wenzake baba kila mji na masaa yake, akayaandika nyuma ya daftari la hesabu. Nairobi saa moja na robo. Bombei masaa sita. London masaa tisa na nusu. Ukimuuliza katikati ya usingizi anakutajia. Mtaa mzima ulisema yule atakuwa mtu mkubwa. Kweli akawa mkubwa, kapata kazi hukohuko Maskati, kwenye kampuni ya mizigo, akaondoka akiwa na mke na watoto wawili. Alipoondoka tulimsindikiza, lakini ile roshani ilikuwa imefungwa zamani, ukuta na vioo kila mahali. Mama alipunga kanga mbele ya kioo cheusi bila kujua kama anaonekana.

Hiyo ni miaka ishirini na nne sasa. Na katika miaka yote hiyo sentensi ya Salum ilikuwa moja. Mama akimwambia nimekukumbuka, anajibu, "Ni masaa matano tu, mama. Nikitaka leo, leo nafika."

Sikieni ujinga wa hesabu hii. Angekuwa Maskati ya siku kumi na moja, angejipanga, angeomba likizo mwaka mzima kabla, angekuja. Kwa kuwa ni masaa matano, haendi mtu mahali. Kitu ambacho unaweza kukifanya leo unaweza kukifanya kesho pia, na kesho yake. Mjomba Faraji aliyekuwa anasafiri kwa tabu na kubadilisha ndege mara mbili alikuja kila baada ya miaka miwili mpaka alipokufa. Huyu wa masaa matano alikuja mara moja katika miaka kumi ya mwanzo, akakaa siku nne, halafu basi. Baba alipofariki alfajiri tukamzika alasiri, kama ilivyo kwetu, na Salum akapiga simu akisema hata ningepanda ndege sasa hivi nisingewahi. Kweli asingewahi. Lakini baba aliumwa miezi saba, na miezi saba ina masaa matano mengi sana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wazee walisema, na walikuwa hawajaona fimbo inayopiga simu ya video.

Simu ya video nayo tusiisifie sana. Mama akipigiwa, anaiweka sikioni. Umfundishe vipi, ataiweka sikioni, kwa kuwa simu ni kitu cha kusikilizia. Kwa hiyo Salum, miaka yote hiyo ya maendeleo, ameliangalia sikio la mama. Sikio na hereni, na mara nyingine feni ya darini. Nilikuwa namsikia akisema mama nakuona, mama unaonekana vizuri, nami najua anaongea na hereni.

Miaka miwili iliyopita akasema anakuja. Tiketi amekata, tarehe hii, ndege hii. Mama alisikia habari hiyo akiwa kitandani, akainuka akaomba maji ya kuoga. Kisha akaanza kunihoji tutatoka saa ngapi kwenda kumpokea.

Nasra, binti yangu, ana digrii ya mambo ya usafirishaji. Ndiyo, siku hizi ipo, unasomea miaka mitatu jinsi ya kupeleka kitu. Nasra akamweleza bibi yake kwa upole kwamba hakuna haja. Mjomba Salum mwenyewe ameandika kwenye grupu msije, nitaita gari kwenye simu, litanileta mpaka mlangoni Kibamba. Na ndege yenyewe tutaiona hapa hapa, bibi, tukiwa tumekaa. Akamfungulia simu, akamwonyesha kindege kidogo cha manjano kinatembea juu ya bahari. Mama alikitazama muda mrefu. Akauliza Salum yuko dirisha gani. Nasra akasema apu haionyeshi hivyo. Mama akarudisha simu, akasema basi twende.

Mie nilikuwa upande wa Nasra, niseme ukweli. Nilikuwa nimechoka, mguu unauma, na kutoka Kibamba mpaka uwanjani foleni ikishika ni masaa matatu. Yaani mtoto anatoka Arabuni kwa masaa matano, na mama anatoka Kibamba kwa matatu, na eti dunia imekuwa ndogo. Lakini mama alishavaa. Kanga mpya za kijani, ushungi, na mkononi kikuba cha asumini alichokiagiza jana yake, amekifunga kwenye jani la mgomba kisinyauke. Nasra akaambiwa asifagie mpaka turudi na mtu. Akasema sawa bibi, akanikonyeza.

Tulikodi gari la jirani. Mbezi, Kimara, Ubungo, tukakunja barabara ya Mandela, tukakaa kwenye foleni ya Tazara mpaka nikadhani ndipo tulipohamia. Mama njia nzima amekaa wima, hataki kuegemea asikunje kanga. Tulifika ndege imeshatua. Nikampeleka mpaka kwenye vyuma pale wanapotokea abiria, akawaomba madereva nafasi ya mbele, wakampa. Walikuwa madereva watupu, wameshika vibao vya majina ya watu wasiowajua. Zamani pale pangekuwa na shangazi kumi na watoto wamepanda mabegani. Mie nilisimama nyuma ya mama, mbele yangu dereva mmoja wa hoteli mrefu mwenye kibao kama mlango.

Akatoka. Nilimjua kwa mwendo, wa baba kabisa, bega moja limeshuka. Ndevu nyeupe, tumbo, mkokoteni una masanduku matatu na boksi la televisheni. Simu ameibana kwenye mpini wa mkokoteni mbele yake, anaongea nayo kwa sauti, anamuuliza mwenye gari yuko upande gani, anatazama kwenye kioo cha simu kigari kidogo kinachomfuata. Mama akatoka kwenye vyuma, akasogea mbele yake, akasimama. Hakuita. Alifungua tu lile jani la mgomba.

Mkokoteni ukasimama karibu na miguu yake. Salum akainua macho. Alimtazama, na hili nalisema nikiwa nimeliona kwa macho yangu mawili, alimtazama mama usoni.

"Samahani bibi," alisema, "nipishe kidogo."

Mama akampisha.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jina lake mdomoni, na matusi nyuma yake yamejipanga. Mama akarudi akanikamata mkono, kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi.

"Usimwite," alisema.

Tukasimama pale mpaka gari lake likaondoka. Nilimwuliza kwa nini, akashika njia ya kwenye gari. Tukapanda letu, tukarudi njia ileile, masaa matatu, ushungi umeshuka mabegani na hakuurudisha. Karibu na Kimara akasema kanenepa. Baada ya muda akasema anafanana na baba yake. Mie nilikuwa nalia kwa hasira, na dereva wa watu akawa anapunguza redio na kuiongeza bila kujua lipi jema.

Tulimkuta sebuleni anakula pilau. Nyumba imefagiwa, imepigwa deki, inang'aa, kwa sababu Nasra alisema apu ilionyesha ndege imetua na mjomba atakuta uchafu. Salum aliinuka, akaja mbio, akampigia mama magoti, shikamoo mama, akaushika mkono wake akaubusu. Sasa alimjua, bila shaka. Mama akiingia kwa mlango wa nyumba anayokaa, nani asingemjua? Akalia kabisa, na machozi yake hayakuwa ya uongo, hilo nampa. Nasra alikuwa amemwambia tumetoka tu, alimwachia bibi yake aseme mwenyewe. Kisha Salum akauliza mlikuwa wapi, nimefika sina mwenyeji. Akaziona kanga za kijani, nami nikaona macho yake yanazipita bila kusimama.

"Tulikwenda hospitali," mama akamwambia. "Macho yananisumbua. Watu siwaoni vizuri."

Akasema usijali mama, nitakutumia miwani, Maskati kuna miwani mizuri sana.

Baadaye chumbani nilimwambia mama kwamba nitamwambia, liwalo na liwe. Mama alikuwa anakunja zile kanga. Akaniambia nikae. Akasema ukimwambia ataniomba radhi, na mie radhi nilishampa kabla hajazaliwa. Sitaki aniombe radhi. Nilitaka anijue. Basi akaapisha ulimi wangu, na ulimi wangu haujasema mpaka leo. Kuandika hakuniapisha.

Alikaa siku nane. Nne kati ya hizo alikuwa Mbweni anatazama viwanja, kwa maana kule kuna upepo wa bahari na majirani wa maana. Asubuhi ya kuondoka hakukuwa na ubani wala msahafu, gari la kuita lilikuja mapema, linapiga honi. Alimkumbatia mama akiwa ameshikilia mlango wa gari kwa mkono mwingine. Akamwambia usihuzunike mama, ni masaa matano tu. Miwani ililetwa na mtu mwezi uliofuata. Haikumfaa, maana hakuna aliyempima.

Kwa hiyo msinitajie maendeleo. Ndege zimekuwa nyingi, nakubali, na zinafika upesi, nakubali. Sie tulikuwa na vumbi la siku kumi na moja na mwalimu wa kutuchapa, suti za kuazima, sanduku kichwani mwa jirani. Tulikuwa mafukara wa kila kitu. Ila mtu alikuwa hawezi kutoka mahali bila kuonwa, wala kufika mahali bila kuonwa, na aliyesimama mlangoni alijulikana kwa umbali wa uwanja mzima wa ndege, kwa kipande cha kanga. Leo mnajua dakika ya kutua. Mnajua na geti. Nani amekuja kwa ajili yenu, hapo mmefeli, na hamjui kama mmefeli.

Salum, najua mtu wa grupu atakutumia haya kabla chai yangu haijapoa. Yule bibi uliyemwomba akupishe alikuwa mama. Alisimama pale na asumini yako mkononi. Nimevunja neno lake kwa sababu moja tu: uongo aliokuambia siku ile umekuwa kweli. Jicho la kulia limekwisha, na la kushoto daktari ametuambia tusilitegemee mwaka huu ukiisha. Anazijua bado sura, mtu akiwa karibu, mchana, kwenye mwanga.

Usipige simu. Kata tiketi, uniambie siku, tutakuja. Na ukitoka kwenye ule mlango, weka simu mfukoni, usimame, utazame watu mmoja mmoja.